Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeko Japani

Mpwa wangu Salma,

Mama yako hajambo, ila miguu. Mdogo wako amemaliza mitihani.

Kwamba unataka kuacha chuo nimelisikia kwa watu kabla ya kulisikia kwako, na limeniuma. Kisha ukaniletea barua uliyomwandikia profesa nikusahihishie, nikakwama mstari wa tatu: “taigaku o yoginaku saremashita”, yaani umelazimishwa kuacha chuo. Nani amekulazimisha, mwanangu?

Muundo huo hauchezewi. Nomino ya tendo, kisha “o”, kisha “yoginaku sareru”: maana yake jambo la nje limekufungia njia zote, ikabaki moja usiyoitaka. Mwaka 2011 magazeti ya huko yaliwaandikia hivyo watu wa Fukushima waliohama makwao kwa ajali ya mtambo wa nyuklia: “hinan o yoginaku sareta”. Ni wa tufani, maradhi, vita. Aliyechoshwa na maabara hayumo.

Nilipokuwa mafunzoni Nagoya, mwenzetu mmoja alishikwa na hamu ya kurudi kwao. Akamwandikia msimamizi “kikoku o yoginaku saremashita”, akijivunia Kijapani cha juu. Jioni ile msimamizi akaja bwenini, akavua viatu mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini ni mzazi yupi aliyefariki. Mwenzetu akababaika, mwishowe akasema hakuna msiba, amechoka tu. Yule mzee akainama, akavaa viatu vyake, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuzungumza naye ila la kazi.

Kama umeamua mwenyewe, andika “taigaku suru koto ni itashimashita”. Kama hutaki ila hali inakusukuma, ipo “taigaku sezaru o enai”. Ni “sezaru”, si “shizaru”. Wala usichanganye “sareru” na “saseru”: mechi iliyoahirishwa huchukua “yoginaku sareru”, tufani iliyoiahirisha huchukua “yoginaku saseru”.

Kodi ya chumba usiicheleweshe. Sala usiache.

Baba yako alisema Kijapani ni kupoteza wakati. Mimi ndiye niliyekufundisha hiragana mezani pangu, na ukafika ulikofika. Kwa hiyo kama yupo aliyekulazimisha kweli, kwa ada au kwa maneno, niambie mimi kwanza. Barua usiipeleke bado. Nipigie Jumapili saa moja asubuhi ya huku. Kwenu itakuwa saa saba mchana.

Mjomba wako,
Tanga