Grisi

Sisi tuliozaliwa Mbulu meli tuliisoma vitabuni tu. Utotoni mwangu maji makubwa niliyoyajua yalikuwa Ziwa Balang'ida, chini ya Mlima Hanang, nalo ni la magadi; kiangazi kikiwa kikali hukauka likabaki jeupe kama unga. Kwa hiyo mwaka 1973, nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa kazi Kigoma, jambo la kwanza nililofanya baada ya kushuka kwenye treni lilikuwa kwenda bandarini kuitazama Liemba. Wakati ule ilikuwa bado inakwenda kwa mvuke.

Mzee mmoja aliyekuwa fundi pale bandarini aliniona nimeduwaa. Akaniambia, "Mwalimu, hii unayoiona imekwisha kuzama, na iko hai." Nilidhani ananitania mgeni.

Baadaye nilisoma habari zake, nikakuta mzee hakuongeza chumvi. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kuundwa ilifunguliwa tena vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka pale ikapelekwa Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa karakana ile waliifuata kuja kuiunga: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Iliingia majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza, na chombo kilichokusudiwa abiria na mizigo kikafungwa mizinga.

Mwaka uliofuata Wabelgiji walikaribia na Wajerumani wakalazimika kuondoka Kigoma. Amri ikatoka meli izamishwe isije ikatekwa. Tarehe 26 Julai 1916 waliijaza mchanga wakaizamisha. Lakini kabla ya hapo mafundi wale walizipaka mashine zake grisi, wakaipaka nene. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Adui yuko mlangoni, nawe umeinama chini ya sitaha unapaka grisi mashine ambayo kesho itakuwa chini ya maji! Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na walipoisafisha walikuta injini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone aliwasikia wenyeji wakiliita ziwa lile upande wa kusini.

Hadithi hiyo niliipenda kupita kiasi. Niliporudishwa kwetu, na baadaye nilipokuwa mwalimu mkuu, kila mwaka niliwasimulia darasa la saba. Mtoto aliyeacha daftari lake kwenye mvua nilimwuliza, "Grisi yako iko wapi?" Hata mama watoto nyumbani aliijua kwa moyo, maana alinisikia nikiikariri kwa zaidi ya miaka arobaini.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya themanini walikufa. Nyumba yetu iko bondeni. Vyumba viwili vilijaa tope mpaka madirishani. Sisi wawili tulitoka. Jirani zetu hawakutoka wote, na hayo sitayaeleza hapa.

Siku ya nne vijana walikuja na majembe kutusaidia. Walichimbua kwanza sanduku la bati la mama watoto, lililofungwa kwa nailoni na kamba ya katani. Ndani yake vyeti vya ubatizo, picha za harusi na hati ya kiwanja vilikuwa vikavu. Kisha wakatoa kaunta buku langu. Humo niliandika jina la kila mtoto aliyepita mikononi mwangu tangu Kigoma, na pembeni yake, kila nilipopata habari, yaliyompata baadaye. Lilikuwa limekaa rafu ya chini, wazi. Lilitoka kama tofali.

Mama watoto alilitazama, akanitazama. "Mwalimu," akasema polepole, "grisi yako?" Hakucheka, wala mimi sikumjibu. Ningesema nini? Alikwisha kuniambia zaidi ya mara moja nilifunge, nami nilimwambia kitabu kinachosomwa hakifungwi. Ukweli ni kwamba nilikuwa mvivu.

Tangu siku ile nimekuwa nikilianika na kulifungua ukurasa mmoja mmoja kwa kisu cha mezani. Nimegundua jambo ambalo mwalimu alipaswa kulijua: wino umeondoka na maji, penseli imebaki. Majina ya Kigoma, niliyoyaandika kwa madaha na kalamu ya wino niliyonunua kwa mshahara wa kwanza, yamekuwa madoa ya samawati. Ya miaka ya baadaye, hasa ile ambayo duka halikuwa na wino wala kalamu, yanasomeka vizuri.

Katika waliokufa siku ile wawili walikuwa wanafunzi wangu, wasichana waliomaliza mwaka mmoja. Mmoja nimekwisha kumwona. Jina lake lipo, na pembeni nilikuwa nimeandika: "ameolewa, ana duka la nguo." Wa pili yuko katika kurasa tano ambazo bado zimeshikana. Nazinyunyizia maji kidogo jioni, na asubuhi najaribu tena.