Kabla Kahawa Haijaiva

Kutoka Bukoba hadi Kayanga ni lami. Tulipita Kyaka, kando ya Mto Kagera, ambapo majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja mwaka 1978, tukaingia kwenye vilima vya Karagwe. Kayanga nikapanda bodaboda kwenda Nyakasimbi. Ilikuwa Novemba. Chini ya migomba, mibuni ilikuwa imebeba punje changa, kijani kibichi.

Niliongozana na mwinjilisti wa Kilutheri na mama mmoja wa diakonia, ambao huwatembelea wazee wanaolea wajukuu. Kagera ni miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kuupata Ukimwi. Wagonjwa wa mwanzo waligunduliwa mwaka 1983. Waliozikwa miaka ile waliacha watoto, na baadhi ya watoto hao nao wamekwenda mijini kutafuta maisha, wakawaachia bibi zao wajukuu.

Kwenye nyumba ya kwanza bibi alitutandikia mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Nilitegemea waanze na sala. Mama wa diakonia akaanza na shamba: "Bibi, kahawa ile bado ni yako?"

Bibi alikaa kimya kidogo. "Nusu imeshakwenda butura, mwanangu. Mtoto aliumwa."

Butura ni jambo ambalo mtu wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kuelezwa. Mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa ua tu, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Msimu ukifika, mnunuzi anavuna na faida yote ni yake. Serikali imeikemea mara nyingi, lakini njaa na homa hazisubiri mavuno. Wanaoumia zaidi ni wajane, maana wengine hata hilo shamba wanalipigania na ndugu wa marehemu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Hukumu ile ni kubwa, ila haijafika kwenye kila kikao cha ukoo. Ndiyo maana mwinjilisti huenda kukaa kwenye vikao hivyo, Biblia mkononi, awe shahidi wa mjane.

Naamini huduma ya namna hii inamgusa Kristo kuliko marobota ya nguo yanayoshushwa mbele ya kamera. Kule Nshamba, wilayani Muleba, tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee linawapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ya fedha taslimu, nao wanaamua wenyewe wanunue chumvi au daftari. Anayempa maskini fedha na kumwachia uamuzi amemheshimu.

Jumapili, baada ya mnada wa mikungu na mayai ya sadaka, mwinjilisti alisimama akaitaja butura kwa jina lake. Kanisa zima lilitulia. Jioni nilimuuliza kama haogopi, kwa kuwa wanunuzi wenyewe ni washarika na ndio wanaotoa ahadi kubwa za ujenzi.

"Naogopa," alisema. "Lakini bibi naye ni msharika. Nikinyamaza, nimeshachagua upande."

Jumatatu kikundi cha akina mama kilikutana kufungua sanduku la hisa. Wamekubaliana kuwakopesha wazee kabla ya Januari, shule zinapofunguliwa, nao walipe wakishauza kahawa yao kwenye chama cha msingi. Fedha hazikutosha waombaji wote. Wakabishana kwa muda mrefu, wakahesabu tena, wakapanga majina. Bibi yetu alikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa mjane wa Kiislamu wa kitongoji cha pili, na mmoja wao akauliza kwa nini atangulie asiyesali nao.

"Mjukuu wake anaanza kidato cha kwanza," mama wa diakonia alijibu, "na mnunuzi ameshakwenda kwake mara mbili."

Jina likabaki pale pale.