Safari ya Ras Mkumbuu

Tulitoka Chake Chake kwa miguu, mfukoni hatuna ila nauli ya kurudia, kwenda kuzuru magofu ya Ras Mkumbuu: msikiti unaonasibishwa na karne ya 14 na makaburi yake ya nguzo. Jua likatushinda njiani. Mvuvi asiyetujua akatupa maji na muhogo, akatuvusha kwa mtumbwi wake. Tulipotaka kumlipa, alikataa.

Tukaona haya. Miaka mingi tumewasomesha watoto haki ya msafiri. Je, ni wapita njia wangapi walioipita milango yetu na njaa zao?

Enyi vijana, safirini na mzigo mwepesi, mpate kuijua thamani ya kukaribishwa. Nanyi mrudipo, karibisheni.