Mwaka wa Tano Nani Atalipa?

Wasee, kuna maneno ukiambiwa unafaa kushika mfuko wako vizuri: "Hii ni gharama ya mara moja tu." Tumeyasikia kwa dekoda na kwa simu za mkopo. Siku hizi wenye viwanda nao wanaambiwa hivyo hivyo. Muuzaji anakuja na laptopu na vihisi, yaani vile vidude vya kupima joto na mtetemo, vidogo kama kiberiti. Anasema ukivibandika kwenye mashine utaona kila kitu kwa simu ukiwa nyumbani: ni mashine gani inachemka, gani inakula stima sana, bidhaa ngapi zimetoka tangu asubuhi.

Na si uongo, bana. Hivyo vitu vinafanya kazi. Shida yangu iko kwenye ile karatasi ya bei, kwa sababu kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Karatasi huwa na bei ya kuzaa pekee.

Nilifanya mafunzo ya kazini miezi mitatu kwa kiwanda kidogo cha mabeseni ya plastiki hapa Nairobi. Kila mashine ilikuwa na kisanduku chenye taa, na taa zote zilikuwa zimezima. Nikamuuliza fundi ni za nini. Akacheka: "Hizo ni mapambo, kijana."

Kumbe ndani ya kila kisanduku kulikuwa na laini ya simu. Mwaka wa kwanza bando ilikuwa imejumuishwa kwa bei. Mwaka wa pili bili ikafika kwa mhasibu, naye hakuwa na mahali pa kuiweka. Si stima, si mishahara, si spea. Hakuna mtu alikataa kulipa. Bili ilikosa mwenyewe tu, ikakaa, laini zikakatwa. Nikiwa hapo, mota ya mashine moja ikaungua usiku. Kisanduku ambacho kingepiga kelele kilikuwa kimenyamaza miezi kadhaa. Kazi ikasimama siku tatu, na vibarua, ambao hulipwa kwa siku, wakarudishwa nyumbani bila kitu. Hao hata hawakujua kuna bando ilikuwa haijalipwa.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano, wewe weka zako. Una mashine 10 na kuziunganisha kumekula Sh400,000. Kila laini inataka bando ya Sh300 kwa mwezi: hiyo ni Sh36,000 kwa mwaka, Sh180,000 kwa miaka mitano. Programu ya kuhifadhi data na kukuonyesha picha ya kiwanda ni Sh5,000 kwa mwezi: miaka mitano, Sh300,000. Vihisi vinakaa kwa vumbi, mafuta na joto, kwa hivyo tuseme viwili vinakufa kila mwaka, kimoja Sh6,000: miaka mitano, Sh60,000. Jumla ya kulea ni Sh540,000. Yaani ile "gharama ya mara moja" haifiki hata nusu ya pesa yote, na bado hujamlipa mtu wa kuvikagua.

Halafu kuna gharama zinazoamuliwa na watu ambao hawajui hata uko. Mashine ya kiwandani inaweza kuishi miaka 20. Kale kakompyuta ulikokabandika juu yake hakawezi kungoja hivyo. Kule Marekani, AT&T ilizima mtandao wake wa 3G Februari 2022, na vifaa vilivyoutegemea vikapoteza mawasiliano ingawa havikuwa na ubovu wowote. Google nayo ilitangaza Agosti 2022 kwamba inafunga IoT Core, huduma yake ya kuunganisha vifaa. Wateja wakapewa mwaka mmoja wahame, na tarehe 16 Agosti 2023 ikafungwa. Huku kwetu mulika mwizi bado inashika mtandao, lakini hakuna aliyekuahidi miaka 20.

Usalama pia ni pesa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifanya Renault isimamishe kazi kwa baadhi ya viwanda vyake, na mwezi uliofuata Honda ikasimamisha kiwanda chake cha Sayama, Japani, kwa siku moja. Ukishaifungulia mashine mlango wa intaneti, lazima umlipe soja wa huo mlango: programu mpya kila zinapotoka, na mtu wa kuziweka. Soja halipwi mara moja tu.

Sasa nasema tusiunganishe? Hapana. Ningekuwa mwenye kile kiwanda ningeanza na mashine mbili, zile zikisimama kila mtu anasimama. Kabla ya kutia sahihi ningeuliza: Laini ni za nani, zangu au za muuzaji? Nikitaka kuhama, data yangu inatoka vipi? Hiki kifaa kitapewa programu mpya kwa miaka mingapi, na hiyo ahadi imeandikwa wapi? Kisha ningeipa hiyo bili mstari wake kwenye bajeti, pembeni ya grisi na spea, na jina la mtu mmoja wa kuilipa. Kila mwezi ningetenga kitu kidogo cha siku ya kubadilisha kila kitu, kwa sababu hiyo siku inakuja.

Naandika haya kwenu kwa sababu wengi wenu mnasomea umeme, uhandisi au kompyuta. Kesho ni nyinyi mtatumwa na laptopu kuuza hivi vitu. Tafadhali ongezeni ukurasa wa pili wenye gharama ya miaka mitano, hata kama bosi anasema utafukuza mteja. Ndiyo, wengine watashtuka, na wengine wataenda kwa yule anayeuficha. Lakini afadhali mwenye kiwanda ashtuke leo akiwa bado ameshika kalamu, kuliko kibarua ashtukie getini asubuhi, nauli ameshalipa, anaambiwa leo hakuna kazi.