Wangu ni yupi?



Mwezi wa tano hapa Dzaleka tulikuwa tunaandaa mchezo wa nyimbo kwa ajili ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo tunawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976, walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mbongeni Ngema alitunga mchezo wa nyimbo juu ya mambo hayo, Sarafina!, mwaka 1987. Sisi tulitunga wa kwetu, mdogo.

Picha za tangazo niliachiwa mimi, kwa sababu nina simu yenye kamera. Niliwapanga watoto mstari mmoja, nikawaambia wacheke. Kumbe zilitoka kama picha za kitambulisho! Hakuna ambaye angejua kuna nyimbo.

Kesho yake akaja mama wa binti anayeongoza nyimbo. "Mwalimu, usikasirike. Mtoto aimbe tu. Lakini sura yake isibandikwe ukutani. Wale tuliowakimbia nao wana macho."

Nilinyamaza. Hata sisi nyumbani tulitoka usiku, lakini jambo hilo sikuliwaza. Nikafuta picha zote mbele yake.

Basi tukaanza upya. Saa kumi na nusu jioni, jua likiwa chini, tulitundika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo. Watoto wakasimama kati ya jua na shuka, karibu kabisa na kitambaa, mimi nikapiga kutoka upande wa pili. Vikaonekana vivuli tu: huyu kainua daftari, yule karuka juu, na mbele yao binti mmoja kafungua mdomo anaimba. Sasa huo ulikuwa mchezo wetu!

Nilimpelekea mama. Akaangalia sana. "Wangu ni yupi?" Nilipomwonyesha alicheka, akasema, "Hiyo bandika, mwalimu."

Hata dukani tulibahatika. Mashine ya fotokopi huharibu sura za watu, zinakuwa madoa, lakini vivuli vyetu vilitoka safi.

Walimu wenzangu, kabla ya kupiga picha ya mtoto, tuwaulize kwanza wazazi. Kuulizana hakuharibu kazi. Mimi kulinifundisha kupiga picha.