Prosesa ya Mpwa Wetu: Kutoka Kitale Hadi Bungoma



Mtu wa pwani akifika Kitale kwa mara ya kwanza, kitu cha mwanzo anachokitafuta ni sweta. Tulitoka Mombasa kwa treni ya mchana, tukapanda basi la usiku pale Nairobi, tukapita Nakuru na Eldoret tukiwa usingizini, na tulipovuka mto Nzoia pale Moi's Bridge alfajiri ilikuwa imeingia na vioo vya basi vimefanya ukungu kwa ndani. Kitale iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, baina ya mlima Elgon upande wa magharibi na vilima vya Cherangany upande wa mashariki. Reli iliufikia mji huu mwaka 1926, na tangu hapo habari yake kubwa imekuwa mahindi. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, ina makao yake makuu hapa. Mwezi wa Disemba mavuno huwa yamekwisha kuingia. Mahindi huanikwa juu ya maturubai kila penye uwazi, na vumbi la makapi huelea hewani kama moshi wa ubani. Vumbi hilo twalitaja kwa makusudi, kwani litarudi katika habari hii.

Hatukwenda Kitale kutembea tu. Dada yetu ameishi huko tangu alipoolewa, na mumewe alifariki mwaka juzi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Aliacha duka dogo na watoto watatu. Fungu la mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 17, twalishika sisi kwa amana mpaka afikie umri wa kulishika mwenyewe. Mwezi wa Novemba kijana huyo alituandikia: "Shikamoo Mjomba. Naomba shilingi 15,000 katika zangu. Nataka kubadilisha prosesa ya kompyuta." Tulipouliza ni kwa kazi gani, akajibu bila kuficha kwamba ni kwa michezo.

Hatuna budi kukiri kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa hapana. Mali ya yatima na michezo ya kompyuta, vitu hivi viwili havikukaa pamoja katika nyoyo zetu. Ndipo dada yetu alipopiga simu. Kompyuta ile, akasema, ilinunuliwa na marehemu kwa ajili ya hesabu za duka, na baada ya sala ya Isha yeye na wanawe walikuwa wakichezea mpira humo kwa nusu saa. "Mpaka leo ni saa pekee ninayowasikia wakicheka wote watatu," alisema. "Lakini sasa inakwama, na wadogo wamechoka nayo." Tukatafakari. Mali ya yatima ni moto kwa mwenye kuila. Lakini kuizuia isimfae mwenyewe nako si uangalizi. Tukaamua kutotuma fedha wala kukataa, bali kwenda kuona kwa macho.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba wa ofisi za ng'ambo, kama zile zinazouzwa katika kila mji wa Kenya. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Intel Core i5-6500, iliyotoka mwaka 2015, yenye viini vinne, pamoja na RAM ya gigabaiti 8 katika kipande kimoja. Marehemu aliiongezea kadi ya michoro aina ya GTX 1650, ambayo aghalabu hutosheka na umeme wa kwenye ubao bila ya waya wake wa pekee, na kwa hivyo huzifaa sana mashine hizi za ofisi ambazo pawasaplai zake ni ndogo.

Mpwa wetu alikuwa amejifunza zaidi kuliko tulivyodhani. Alitueleza kwamba mchezo ni mfululizo wa picha, na kwamba kila picha hupitia mikono miwili. Prosesa hukokotoa mambo yanayotokea, nani amekimbia wapi na mpira umegonga nini. Kisha kadi ya michoro huichora picha yenyewe. Mmoja akichelewa, mwenzake humngoja. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote ni lazima ujue nani anayengojwa. Kipimo chake ni chepesi: punguza ukubwa wa picha, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kwa kufanya hivyo kazi ya kadi hupungua sana, na ya prosesa hubaki karibu vile vile. Idadi ya picha ikipanda, mzigo ulikuwa kwa kadi. Ikibaki pale pale, mzigo uko upande wa prosesa.

Tulipima usiku ule sote tumeizunguka meza. Katika ukubwa wa kawaida zilikuja picha 41 kwa sekunde. Katika ukubwa mdogo, 42. Na kila wachezaji waliposongamana mbele ya goli, zilianguka hadi 12, na hapo ndipo mchezo ulipokuwa ukikwama. Kijana akatutazama kama wakili aliyemaliza ushahidi wake.

Lakini kipimo kile kilisema mzigo uko upande wa prosesa. Hakikusema prosesa yenyewe ndiyo yenye kosa. Tulipotazama joto lake, tukakuta digrii 95. Asubuhi tukafungua kifuniko, na vumbi la Kitale likajitambulisha: makapi ya mahindi na udongo mwekundu vilikuwa vimeziba mapezi ya chuma cha kupozea kama sufi kwenye mto. Ule ute unaopakwa baina ya prosesa na chuma, ambao kazi yake ni kupitisha joto, ulikuwa umekauka na kuwa kama chokaa. Prosesa ikipata joto la namna hiyo hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Tukapuliza vumbi nje ya nyumba, tukanunua ute mpya kwa shilingi 300, na joto likashuka hadi digrii 70. Kisha tukaongeza kipande cha pili cha RAM kwa shilingi 3,200, kwa sababu vipande viwili humlisha prosesa kwa njia mbili badala ya moja. Picha zikapanda hadi 52, na zile za chini hadi 28.

Tuliona kwamba kazi imekwisha, na tukafurahi kwa fedha iliyobaki. Kijana hakufurahi. Alirudia kipimo chake, na bado picha hazikupanda kwa kupunguza ukubwa. "Mjomba, sasa ni prosesa kweli," akasema, "na sasa tunajua." Hatukuwa na la kujibu.

Likaja swali la kuchagua, nalo huanzia kwenye soketi, yaani kile kitako inapokaa prosesa. Kitako cha ubao ule huitwa 1151, kwa idadi ya ncha zake. Kinachokaa humo bila ya taabu ni i7-6700, ndugu mkubwa wa ile iliyokuwapo: viini vinne vile vile, lakini kila kimoja huendesha mikondo miwili ya kazi, na umeme inaotumia ni wa kiwango kile kile cha wati 65. Njia ya pili ilikuwa kuhama kabisa, kununua ubao mpya na prosesa kama Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, yenye viini sita. Lakini mashine za ofisi aghalabu hutengenezwa kwa vipimo vyake zenyewe, na anayebadilisha ubao hujikuta anabadilisha sanduku na pawasaplai pia. Shilingi 15,000 zisingefika hata nusu ya safari hiyo.

Kitale tulitafuta i7-6700 kwa siku mbili bila ya kuipata. Tukaambiwa kuna fundi Bungoma mwenye i7 mbili. Basi siku ya Jumamosi tukaizungushia kompyuta blanketi, tukaiweka mapajani ndani ya matatu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, tukashika njia ya Kiminini na Kamukuywa, tukatokea Webuye kwenye barabara kuu iendayo Malaba. Kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyorudi, na mashamba ya mahindi yakaanza kuchanganyika na miwa. Bungoma ni mji wa njia: malori ya Uganda hupita barabarani, na reli inayoelekea Kampala hupita hapo pia.

Kwa sisi watu wa pwani njia hizi si ngeni. Upande wa kusini iko Mumias, mji wa Nabongo Mumia, ambako misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa ikipumzika katika karne ya 19, wenye nguo na shanga wakitafuta pembe. Wazee wale walinunua na kuuza na watu ambao huenda wasingewaona tena mpaka mwaka wa pili, na bila ya kuaminiana biashara isingesimama. Tuliyakumbuka hayo tulipokuwa tukisali Adhuhuri, kwani nasi tulikuwa karibu kumpa mtu tusiyemjua fedha isiyo yetu.

Fundi alikuwa kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Kibabii, hapo hapo Bungoma. Alitoa prosesa mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko ya pili kwa shilingi 3,000, nayo imeandikwa i7 waziwazi. Mikono yetu ilikwisha kuelekea mfukoni. Mpwa wetu akaigeuza kwenye mwanga, akasoma: 4770. Fundi akacheka. "Umesoma vizuri. Hiyo ni ya kitako cha 1150. Imepungua ncha moja tu, na haiingii." Akatuonya pia juu ya i7-8700: kitako chake ni cha 1151 kama chetu, lakini ubao wa zamani hauikubali. Neno i7 peke yake, alisema, ni kama kumwita mtu kwa jina la ukoo; hujui bado ni babu au mjukuu.

Ya pili ilikuwa 6700, kwa shilingi 8,000. Fundi aliiweka mbele ya macho yetu, kompyuta ikawaka. Hata hivyo hakutuficha jambo moja. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi huanzia prosesa za Intel za kizazi cha nane. "Hii ni ya sita," akasema. "Mtapata miaka michache ya raha, lakini kitako hiki kinafika mwisho. RAM na kadi mtahama nazo, prosesa haitahama."

Sisi tulikuwa tayari kulipa, maana aliyesafiri hapendi kurudi mikono mitupu. Kijana akauliza kama anaweza kuirudisha. Hapo tukakumbuka hiari ya siku tatu ambayo fiqhi yetu inamruhusu mnunuzi kuishurutisha, tukamweleza fundi, naye akakubali akaiandika kwenye risiti: mpaka Jumanne. Kisha akatupeleka kula, kwani Bungoma haimwachi mgeni aondoke bila ya kuku.

Jumapili tukarudi pwani. Jumanne, Mombasa, tukiwa tumeketi barazani kwa joto, ujumbe ukaingia:

"Shikamoo Mjomba. Nimeibakisha. Picha 60, za chini 45. Skrini yetu huonyesha 60 kwa sekunde, kwa hivyo ya zaidi ya hapo ingekuwa kulipia nisichokiona. Nimecheza siku mbili na wadogo, haijakwama. Hesabu: ute 300, RAM 3,200, prosesa 8,000. Jumla 11,500. Zimebaki 3,500, nimempa Mama azirudishe kwako. Ziwe mwanzo wa ubao mpya. Fundi alitaka kuinunua ile prosesa ya zamani, nikakataa. Ilikuwa ya Baba."

Tukaziandika zile 3,500 katika daftari lake, kwa tarehe. Mwakani tutamfundisha kuliandika mwenyewe.