Beringi za Gurudumu na Usalama wa Familia

Ndugu msomaji, pikipiki inayonipeleka kazini ndiyo humpeleka pia mwanangu shuleni. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi huisimamisha kwa stendi kubwa, nikalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, au likikwaruza linapozungushwa, beringi zimekwisha. Kuongeza grisi hakuziponyi.

Kazi hii yaweza kufanyika uani. Chomoa ekseli, toa mpira wa kuzuia vumbi, kisha gonga beringi kuukuu kutoka upande wa pili. Soma namba yake kabla ya kwenda dukani: 6301, kwa mfano, ina tundu la milimita 12, kipenyo cha nje cha milimita 37 na upana wa milimita 12. Badilisha zote mbili. Unapoingiza mpya, tumia kipande cha bomba kinachokaa juu ya pete ya nje tu. Ukigonga pete ya ndani, gololi huumia kabla ya safari ya kwanza. Wala usisahau kurudisha bushi ndefu ya katikati, inayozuia beringi zisibanwe ekseli inapokazwa.

Ndugu, usingoje gurudumu likushtue barabarani. Beringi ina spea. Aliyeketi nyuma yako hana.